Ndege Zilizofika Ziwani Masandukuni

Mwanzoni mwa mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikiwa imepamba moto, meli moja iling'oa nanga Uingereza ikielekea mdomo wa Mto Kongo. Tumboni mwake mlikuwa na ndege nne za kivita, zimefunguliwa vipande vipande na kupakiwa katika masanduku ya mbao. Mabawa yalikuwa na masanduku yake, injini masanduku yake, na yale maboya marefu ambayo ndege hutulia nayo majini masanduku yake. Mzigo huo ulikuwa unakwenda Ziwa Tanganyika. Ilibidi uvuke Kongo nzima kwa reli, kwa mashua na kwa mabega ya watu, kisha uunganishwe upya ufukweni, ndipo ndege ziruke kwenda kuipiga bandari ya Kigoma.

Ndege hizo ziliitwa Short 827. Leo watu wachache wanazijua. Kijana wa Shinyanga, Kahama au Geita anayetaka kuunda ndege ya kivita ya mfano, ile ya kurushwa kwa rimoti, huvutwa kwanza na Spitfire ya Waingereza au Mustang ya Wamarekani, kwa sababu michoro yake inapatikana kila mahali na sura zake zimeonekana katika sinema nyingi. Ni ndege nzuri, sina ugomvi nazo. Lakini naamini mjenzi wa ukanda wetu wa dhahabu ana ndege yake, iliyopigana kwenye ardhi na maji ya nchi hii, na iliyohusika katika vita vilivyopita mlangoni kwa babu zake. Historia yake inastahili kusimuliwa yote kabla kisu hakijagusa mbao.

Ziwa lililokuwa na mwenyewe

Vita vilipoanza Agosti 1914, Wajerumani walilishika Ziwa Tanganyika mara moja. Walikuwa na meli ndogo mbili zenye silaha, Hedwig von Wissmann na Kingani, na upande wa Wabelgiji hapakuwa na chombo cha kuzikabili. Tarehe 5 Februari 1915 wakashusha majini meli ya tatu, kubwa kuliko zote zilizowahi kuelea ziwani humo: Graf von Goetzen, yenye urefu wa takribani mita 70.

Meli hiyo nayo ilikuja masandukuni. Ilijengwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, ikafunguliwa, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kusafirishwa hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo ilipanda Reli ya Kati, ambayo ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Mafundi watatu wa Kijerumani, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, pamoja na vibarua wengi wa Kiafrika, waliiunganisha ribiti kwa ribiti ufukweni Kigoma. Baadaye ilifungwa mzinga wa milimita 105 uliotoka katika manowari ya Königsberg, ambayo habari zake zinakuja.

Waingereza walijibu kwa njia ya ajabu. Walileta mashua mbili za mwendo kasi, Mimi na Toutou, zikapita Cape Town, zikapanda reli hadi Katanga, zikaburutwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na maksai, zikashuka mto Lualaba na kufika ziwani. Chini ya kamanda Geoffrey Spicer-Simson ziliiteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann tarehe 9 Februari 1916. Ikabaki Goetzen. Mashua hizo zilikuwa ndogo mno kuikabili, nayo ilikuwa imejificha Kigoma chini ya ulinzi wa mizinga ya nchi kavu. Aliyetaka kuifikia ilimbidi apite juu.

Somo la Rufiji

Wazo la kutumia ndege lilikuwa tayari limejaribiwa kwenye pwani yetu. Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji mwishoni mwa 1914, ndani ya mikoko ambako manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia wala kuiona. Rubani wa kiraia aitwaye Dennis Cutler aliajiriwa kutoka Afrika Kusini pamoja na ndege yake ya Curtiss inayotua majini. Rejeta yake ilipoharibika, ilitafutwa rejeta ya gari la Ford kutoka Mombasa, ikafungwa, na ndege ikaruka. Cutler aliiona Königsberg kwa macho yake. Desemba 1914 aliangukia mikononi mwa Wajerumani akawa mateka.

Zilifuata ndege za Sopwith, na joto la pwani likazishinda. Gundi ililegea, mbao zilipinda, propela zikaanza kuachana matabaka, na injini zikakosa nguvu ya kuinua watu wawili. Waingereza walijifunza kwa gharama kwamba chombo kilichoundwa kwa hewa ya baridi hubadilika tabia kinapofika kwetu. Baadaye wakaleta ndege za magurudumu, Henri Farman na Caudron, wakazirusha kutoka kisiwa cha Mafia.

Tarehe 11 Julai 1915 ndipo lilipotokea jambo ambalo kila mrusha ndege ya rimoti anapaswa kulijua. Rubani John Cull na mwangalizi wake Arnold walikuwa juu ya delta wakiziongoza kwa redio meli mbili za mizinga, Severn na Mersey. Kila kombora lilipoanguka, Arnold alituma alama kwa simu ya upepo: mbele zaidi, nyuma kidogo, kushoto. Ndege yao ikapigwa na injini ikazimika. Wakiwa wanashuka bila injini, Arnold aliendelea kutuma masahihisho hadi makombora yakaifikia Königsberg. Waliangukia mtoni karibu na Mersey na kuokolewa wote wawili. Siku hiyo manowari hiyo iliteketea. Hapo redio ilikuwa ikitoka angani kuwaongoza walio chini. Ndege ya mfano hufanya kinyume chake, aliye chini humwongoza aliye angani, lakini kamba ile isiyoonekana ni ileile.

Safari ya masanduku

Kwa ajili ya Kigoma, Jeshi la Majini la Uingereza liliwaazima Wabelgiji ndege nne za Short 827. Kikosi cha marubani na mafundi kiliongozwa na ofisa aitwaye de Bueger. Miongoni mwa marubani wake alikuwemo Aimé Behaeghe, kijana wa Flandria aliyezaliwa mwaka 1890.

Tazama ramani ya Kongo ufuate masanduku yale. Kutoka bandari ya Matadi yalipanda treni hadi Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Yalipakuliwa, yakapakiwa kwenye meli za mto, yakapanda Mto Kongo hadi Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Pale kuna maporomoko, kwa hiyo yalipakuliwa tena na kupanda treni fupi hadi Ponthierville, kisha mto tena hadi Kindu, treni hadi Kongolo, mto hadi Kabalo. Kutoka Kabalo reli mpya, iliyokamilika mwaka 1915, iliyafikisha ziwani mahali panapoitwa leo Kalemie. Kila mahali reli ilipoishia na mto ulipoanzia, kila sanduku lilishikwa na mikono. Bawa la ndege ya aina ile ni fremu ya mbao nyembamba iliyovikwa kitambaa, na likidondoka mara moja tu, kazi ya miezi imepotea.

Hao waliobeba ndio wajenzi wa kwanza wa ndege zile Afrika. Jeshi la Wabelgiji lilitumia wapagazi zaidi ya laki mbili katika vita vya Afrika Mashariki, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu, na wengi hawakurudi makwao. Majina ya marubani yamehifadhiwa na mmoja wao ana sanamu kijijini kwao. Majina ya wapagazi hayakuandikwa.

Maji matulivu ya Tongwe

Kituo cha kwanza kilichaguliwa Mtoa, ufukweni kaskazini ya Kalemie, lakini Ziwa Tanganyika lina mawimbi kama ya bahari upepo unapovuma. Ndege yenye maboya ya mbao haiwezi kukimbia juu ya mawimbi hayo bila kuvunjika. Kikosi kikahamia kwenye maji yaliyotulia ya ziwa dogo la Tongwe, kando ya ziwa kubwa, na pale masanduku yakafunguliwa.

Short 827 haikuwa ndege ya kuunganisha kwa haraka. Ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, la juu refu kuliko la chini, yakishikwa na nguzo za mbao na nyaya nyingi zinazokatizana. Upana wake kutoka ncha hadi ncha ulikuwa mita 16.43 na urefu mita 10.74. Chini ya mwili palikuwa na maboya makuu mawili, moja dogo mkiani, na mengine madogo mawili chini ya ncha za mabawa ili zisizame ndege inapoyumba. Injini ya Sunbeam Nubian ilitoa nguvu za farasi takribani 150 na kuzungusha propela moja ya mbao yenye makali mawili. Rubani na mwangalizi walikaa mmoja nyuma ya mwingine katika vyumba visivyo na paa. Ikiwa imebeba kila kitu ilikuwa na uzito wa kilo zipatazo 1,540, na kasi yake ya juu ilikuwa kilometa 100 kwa saa.

Kukaza nyaya ndiko kulikoamua kama ndege itaruka au itaua. Waya mmoja ukikazwa kupita kiasi, bawa hujipinda, na ndege huvuta upande mmoja. Fundi alizunguka akigusa kila waya, akitazama kutoka mbele kama mabawa yamelingana, akilegeza hapa na kukaza pale. Mchana joto lilipopanda, mbao na kitambaa vilibadilika, na asubuhi kazi ikarudiwa.

Tarehe 10 Juni 1916 Behaeghe na mwangalizi wake Collignon walivuka ziwa na kuangusha mabomu Kigoma, wakiilenga Goetzen. Ilikuwa safari ya zaidi ya kilometa mia juu ya maji matupu, kwa injini moja, katika nchi ambayo ndege haikuwahi kuonekana. Marubani waliorudi waliamini wameipiga meli. Safari nyingine zilifuata katika Juni na Julai.

Jambo ambalo hawakulijua ni kwamba meli waliyokuwa wakiihofia ilikuwa tayari imenyang'anywa meno. Mwezi Mei Wajerumani waliuvua ule mzinga wa milimita 105 na kuupeleka kwenye vita vya nchi kavu, na mahali pake wakasimamisha mzinga wa mbao. Fundi seremala alichonga mfano wa silaha, akauweka sitahani, na jeshi zima likaendelea kuuogopa. Anayedharau kazi ya kuchonga mifano na akumbuke mzinga ule wa Kigoma.

Kutoka ziwani hadi Shinyanga

Ndege zilikuwa upande mmoja wa mpango mkubwa. Jenerali Charles Tombeur alikuwa akilisukuma jeshi la Kongo kuelekea Tabora kwa njia mbili. Brigedi ya kusini ya Olsen ilikuja upande wa Kigoma. Brigedi ya kaskazini ya Molitor iliteka Biharamulo mwezi Juni 1916, kisha ikateremka kusini kupitia nchi ambayo leo ni mikoa ya Geita na Shinyanga. Waingereza chini ya Sir Charles Crewe waliuteka mji wa Mwanza tarehe 14 Julai, nao wakashuka kupitia Shinyanga kuelekea reli.

Kwa watu wa Usukuma na Usumbwa ule ulikuwa mwaka wa kuona majeshi matatu ya wageni yakipita kwenye mashamba yao. Askari walihitaji chakula, na chakula kilikuwa katika maghala ya wakulima. Mizigo ilihitaji migongo, na migongo ilikuwa ya vijana wa vijiji. Ukanda huu ulikuwa umejulikana kwa wapagazi wake tangu enzi za misafara ya Unyamwezi, na kila jeshi lilijua mahali pa kuwatafuta.

Wajerumani walipoona Kigoma inazingirwa kutoka nchi kavu, ziwani na angani, waliamua kuondoka. Usiku wa tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha Goetzen wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Rüter, aliyeijenga, alizipaka injini zake mafuta mazito kabla haijazama, akitumaini siku moja itaibuliwa. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma, na tarehe 19 Septemba Tabora ikaanguka. Matumaini ya Rüter yalitimia: Waingereza waliiibua meli hiyo mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Ndege hazikuwa na mwisho mwema kama huo. Ngozi za kitambaa na mifupa ya mbao haziishi muda mrefu katika unyevu. Behaeghe mwenyewe alifariki Desemba 1916 huko Niemba, Kongo, kabla hajafikisha miaka ishirini na saba.

Kuiunda upya kwa mkono

Sasa turudi mezani kwa fundi. Ndege iliyopotea inaweza kuundwa tena kwa kipimo, na kipimo kina hesabu zake. Ukichagua moja kwa nane, upana wa mabawa unakuwa mita 2.05 na urefu mita 1.34, ukubwa unaoingia nyuma ya gari aina ya pikapu bila shida. Uzito haugawanywi kwa nane. Kitu kinapopunguzwa mara nane kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, ujazo wake hupungua mara 512, kwa hiyo kilo 1,540 zinakuwa kilo tatu. Kasi nayo hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha nane, ili kilometa 100 kwa saa ziwe kama 35. Mfano ukipita mbele yako kwa mwendo huo, jicho linaamini linaona ndege kubwa iliyo mbali. Ukipita kwa kilometa 80, uzuri wote wa kazi yako umepotea.

Kilo tatu ndizo zinazoamua mbao gani itumike. Balsa ni nyepesi lakini inaagizwa kutoka nje na bei yake ni kubwa. Mninga wetu ni mbao ya heshima kwa vitanda na milango, lakini una uzito wa takribani mara nne ya balsa, kwa hiyo hautakiwi hapa isipokuwa kwenye kipande kidogo cha kushikilia injini. Njia ya kati ipo: mianzi iliyopasuliwa nyembamba kwa mihimili ya mabawa, plaiwudi nyembamba kwa mbavu zinazobeba nguvu, na fomu nyeupe inayofungia televisheni na friji kwa mbavu nyingine na kwa mwili wa maboya. Spoku za baiskeli zinafaa kwa fito za kuvuta usukani, kwa kuwa ni ngumu, hazina gharama, na zina uzi wa nati tayari.

Kitambaa ndicho ngozi ya ndege hii, na ndipo kazi ya undani inapoanzia. Ndege za wakati ule zilivikwa kitani kilichoshonwa kwenye kila ubavu kwa uzi, kisha kikapakwa vanishi maalumu iliyokikaza kama ngoma na kukiacha na rangi ya maziwa yaliyokolea. Katika mfano, kitambaa chepesi cha poliesta hubandikwa kwa gundi na kukazwa kwa pasi yenye moto wa wastani. Baada ya hapo unachukua tone dogo la gundi nyeupe kwenye ncha ya sindano na kulidondosha juu ya ubavu, kila tone likiwa na umbali sawa na jenzake, likikauka linainuka kama fundo la uzi. Juu yake unalaza utepe mwembamba wa kitambaa. Ukilitazama bawa jua likiwa limeinama, mafundo hayo hutoa vivuli vidogo mstari baada ya mstari, na bawa linaonekana limeshonwa. Nusu nne za mabawa zinahitaji mamia ya matone. Hakuna njia ya mkato, na mwenye haraka afanye kazi nyingine.

Nyaya zisiwe pambo. Zifungwe kweli, zikazwe kweli, kwa sababu katika ndege yenye mabawa mawili ndizo zinazozuia bawa lisijipinde. Uzi wa kuvulia samaki uliopakwa rangi ya chuma unatosha. Mara mabawa yakishafungwa, pima kwa rula kutoka ncha ya kulia hadi mkiani na kutoka ncha ya kushoto hadi mkiani. Vipimo vikitofautiana, rudi kwenye nyaya kama walivyofanya mafundi wa Tongwe.

Usiache mfano uliokamilika ndani ya gari lililofungwa madirisha mchana wa Shinyanga. Joto lililozishinda ndege za Sopwith huko Rufiji linaishinda gundi yako vilevile. Rangi iliyokolea hunyonya jua kuliko hii ya kitani, ambayo ni sababu nyingine ya kuishukuru Short 827. Kipokea redio kivikwe puto la mpira na kufungwa mdomo kwa uzi, maana ndege inayotua majini siku moja itapinduka.

Kuirusha

Maji yanayofaa yapo. Lambo lenye nafasi pana linatosha siku isiyo na upepo mwingi, na Geita ina Ziwa Viktoria. Kumbuka tu kwamba uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ilhali wa Tanganyika uko kama mita 770. Hewa yako ni nyembamba kuliko ile aliyoirukia Behaeghe, kwa hiyo propela inashika kidogo na mbio za kuondoka majini zinakuwa ndefu. Ruka asubuhi kabla joto halijapanda, ukielekea upepo unakotoka.

Kabla ya yote, omba kibali. Tanzania ina kanuni za ndege zisizo na rubani tangu 2018, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ukanda huu una viwanja vya ndege na migodi ambayo anga yake si ya kuchezewa. Toa taarifa pia kwa uongozi wa kijiji. Hili ni zaidi ya sheria. Watu wazima wa Kanda ya Ziwa wanakumbuka tarehe 29 Machi 1979, wakati wa Vita vya Kagera, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilipotumwa kuishambulia Mwanza, ikakosa shabaha, na makombora yake yakaangukia hifadhi ya kisiwa cha Saa Nane na kuua swala. Mtu aliyewahi kukimbia ndege ya kivita ana haki ya kuambiwa mapema kwamba hii inayokuja inaendeshwa na kijana wa jirani.

Jumba la makumbusho la Bujora, nje kidogo ya Mwanza, linahifadhi ngoma, zana na historia ya Wasukuma. Shule zetu za Geita na Shinyanga zina kuta tupu. Ndege moja ya Short 827 yenye upana wa mita mbili, iliyoundwa vizuri na kuning'inizwa darasani, ingefundisha hesabu, fizikia, jiografia ya Kongo na historia ya vita vya 1916 kwa wakati mmoja. Wizara haihitajiki kuanzisha jambo hili. Wanahitajika mwalimu mmoja na fundi mmoja wanaokubaliana.

Nawe unayeshika kisu na gundi, nakuomba jambo moja. Ukimaliza, weka kibao kidogo chini ya mfano wako. Andika jina la ndege, kiwanda na mwaka, kama wafanyavyo wajenzi wote duniani. Andika jina la Behaeghe, kwa kuwa alikuwa shujaa wa kweli. Kisha ongeza mstari wa mwisho: ililetwa hadi ziwani na wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa. Bila wao zile ndege nne zingebaki masanduku ya mbao bandarini Matadi.